Mpira wa bolingi Phaze II kwenye mafuta mafupi, marefu na yaliyokauka

Leni ya bolingi inapakwa mafuta. Naanza na hilo kwa sababu kila nikiongea na washkaji wa nyumbani wanashangaa, wao wanajua bolingi ni kuchukua mpira mzito unauachia kwa nguvu pini zinaanguka basi, na kweli kama umecheza pale Village Market Nairobi na mipira ya ukumbi huwezi kujua kuna mafuta, maana mipira ya kuazima karibu yote ni plastiki na plastiki haina habari na mafuta, ukiirusha imenyooka inaenda imenyooka mpaka mwisho, au mpaka mtaroni, ule mfereji wa pembeni. Lakini ukiingia kwenye ligi huku Marekani, mi nacheza Arlington, Texas, mji ambao ndio makao makuu ya USBC yenyewe, yaani chama kinachoshika sheria zote za mchezo huu, unakuta hamna mtu anayeongelea nguvu. Watu wanaongelea mafuta tu. Ya leo yana urefu gani, yaani yanafika futi ngapi toka mstari wa kurushia, yamekaa wapi, nani kayamaliza upande wa kulia.

Na mafuta yenyewe huyaoni. Hayana rangi. PBA, chama cha wachezaji wa kulipwa, waliwahi kuyatia bluu ili watazamaji wa TV waelewe kinachoendelea, ila huku kwetu kwenye ukumbi wa kawaida unaona leni inang'aa tu toka huku mpaka kule, sasa wapi pana mafuta na wapi pakavu, mpira ndio utakaokuambia. Ndio maana nataka kuuongelea huu mpira wangu mpya kwa namna hii, sio kusema ni mzuri au mbaya, maana swali la mpira mzuri halina jibu mpaka useme mzuri kwenye mafuta gani.

Mpira ni Storm Phaze II, pauni 15, kilo 6.8 hivi. Sokoni sio mpya hata kidogo, upo madukani miaka kadhaa na wala hautoki, na kwenye biashara hii hilo ni jambo la ajabu, kampuni zinatoa mipira mipya kila baada ya miezi michache na ya zamani inapotea kimya kimya. Kwangu ndio mpya. Niliutaka makusudi kwa sababu kila mtu akitaka kueleza mpira mwingine anaulinganisha na huu. Rangi ni nyekundu, bluu na zambarau zimevurugana, alafu unanukia, Storm wanatia manukato kwenye mipira yao, kampuni yenyewe iko Brigham City huko Utah na ilianza na dawa za kusafishia mipira kabla hata haijatengeneza mpira. Boksi lilipofunguliwa sebuleni mke wangu akauliza, "Huu mpira au sabuni?"

Fundi wa kutoboa hakuanza na mashine. Aliniambia rusha kwanza mpira wako wa zamani, nikarusha, ukarudi, akauchukua kabla sijaufuta, akaupindua kwenye mwanga na hapo ukaona kitu kizuri sana, michirizi myembamba ya mafuta imezunguka mpira kama duara nyingi zilizopishana, sehemu moja zinakutana zote kisha zinaachana. Akachora kwa kalamu ya nta, akatafuta ekseli yangu, yaani ile nukta ambayo mpira unaizunguka ukitoka mkononi mwangu, na toka hapo ndio akapima inchi 4 na nusu akaweka kichwa cha kiini, yaani ule uzito uliofichwa ndani ya mpira. Kila mtu nukta yake iko kwake. Ukinunua mpira uliotobolewa kwa ajili ya mtu mwingine unanunua mkono wa mtu mwingine. Kanitoboa mashimo matatu tu, vidole viwili na gumba, maana toka Agosti 2020 USBC wamepiga marufuku lile shimo la nne la kurekebisha uzito, shimo lisiloshikwa halitakiwi. Jumla na kutoboa ikawa dola 200 na ushee.

Sasa ndani mle kuna kiini, na hapa ndipo wauzaji wanapokutoa jasho kwa namba. RG ya huu kwa pauni 15 ni 2.48. Hiyo maana yake uzito umekaa karibu na katikati, sheria inaruhusu kuanzia 2.46 mpaka 2.80, kwa hiyo 2.48 ni chini kabisa na mpira wa hivyo unaamka mapema, unaanza kubiringika bado uko mbali na pini. Namba ya pili, wanaiita differential, ni 0.051, mwisho unaoruhusiwa ni 0.060, hii ndiyo inayofanya ile michirizi ya mafuta isikae njia moja, kila mzunguko mpira unagusa leni kwa ngozi ambayo bado haijalowa. Namba nzuri zote. Lakini mi navyoona, na nimeshabishana sana na watu kwenye hili, kiini ni kama theluthi tu ya habari. Habari yenyewe iko kwenye ganda na msasa.

Historia iko upande wangu. Mipira ilikuwa ya mti, ikaja ya raba mwanzoni mwa miaka ya 1900, plastiki ikashika miaka ya 1960 na 70, alafu kuna jamaa anaitwa Don McCune akaja na akili moja, akaloweka mipira yake ya plastiki kwenye kemikali ganda likawa laini, likaanza kushika leni wakati ya wenzake inateleza tu. Mwaka 1973 akabeba mataji 6 ya PBA na tuzo ya mchezaji bora wa mwaka, kiini kilekile, mkono uleule! PBA ikabidi walete sheria ya ugumu wa ganda. Mwaka 1981 AMF wakatoa Angle, mpira wa yurithane, ganda linaloshika leni kuliko plastiki, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja resini ambayo inanyonya mafuta kabisa, na hapo mchezo ukabadilika moja kwa moja. Kila mapinduzi ya mchezo huu yameanzia nje ya mpira.

Phaze II ni resini isiyo na lulu, yaani ule unga wa kung'aa unaofanya mpira uteleze zaidi mbele, na ganda linatoka kiwandani limepigwa msasa namba 3000, namba ikiwa kubwa msasa ni laini zaidi. Ukiupitisha kiganja hauhisi ukali wowote ila hauteleziki kama kioo. Fikiria tairi jipya lenye meno na tairi kipara kwenye lami iliyoloa, msasa ndio meno, polishi ndio kipara, ukishika hilo mengine yote yaliyobaki utayafuata bila shida.

Leni ina futi 60 toka mstari wa faulo mpaka pini ya kwanza, na upana wa mbao 39, kila ubao kama inchi moja, na sisi wa mkono wa kulia tunazihesabu toka kulia. Mpira unaoenda maili 17 kwa saa unaimaliza kwa sekunde mbili na nusu hivi, na ndani ya muda huo unatakiwa ufanye mambo matatu: uteleze, ukate kona, ubiringike. Ukibiringika kabla ya wakati umeishiwa nguvu. Ukiteleza mpaka kwenye pini hujakata kona kabisa. Na ukikata vizuri unaingia mfukoni, kati ya pini ya 1, ile ya mbele kabisa, na ya 3 iliyo nyuma yake kulia, kwa nyuzi kama 6 hivi, hapo ndio unasikia ule mlio ambao watu wote wanageuka.

Tuanze na mafuta ya kawaida ya ukumbi, yale ya Jumatano usiku, futi 41 hivi, katikati yamejaa na pembeni ni kidogo sana, tofauti inaweza kufika hata mara 10. Haya yamewekwa kumhurumia mchezaji. Ukikosea ukatoa mpira nje zaidi unakutana na ukavu, unarudi. Ukikosea ukaubana ndani unakutana na mafuta, unajishikilia. Wachezaji wana hesabu yao ya haraka, chukua urefu wa mafuta toa 31, ndio ubao ambao mpira unatakiwa uwe unapoanza kukata kona, kwa hiyo hapa ni ubao wa 10. Niliusimamisha mguu wangu kwenye 25 hivi, nikaulenga mshale wa tatu kati ya ile iliyochorwa kwenye leni, nikauachia bila haraka na Phaze II ukafanya kitu ambacho mpira wangu wa zamani haujawahi kufanya, ulianza kujionyesha mapema, futi kama 35 hivi unaona tayari umeshika, hauruki ghafla kule mwisho, unakata kona kama gari la shule. Sio wa kushangilia kwa macho. Ila ni uleule kila mara. Raundi ya kwanza nilikuwa najua kabla haujafika.

Raundi ya pili kuelekea ya tatu hapo ndio mambo yanaanza. Ligi yetu timu mbili zinapokezana leni mbili, kwa hiyo kila leni inapitiwa na watu wanane, na leo hii wote wanane wana resini, kila mpira ukipita unaondoka na mafuta yake na taulo linayamalizia, ukijumlisha raundi tatu ile njia yetu sote ya ubao wa 12 mpaka 15 inabaki haina kitu. Zamani enzi za plastiki mafuta yalikuwa yanasukumwa mbele, siku hizi yanabebwa. Phaze II kwa kuwa unaamka mapema ndio unaathirika wa kwanza. Mwanzo unaingia juu sana, unapiga pini ya kwanza usoni, pini ya 4 inabaki imekutolea macho. Unasogea, miguu mbao mbili kushoto, macho ubao mmoja kushoto, unapata straiki mbili, yaani pini zote chini kwa mrusho mmoja, alafu unarudi palepale.

Dalili ninayoiangalia mimi ni pini ya 6. Watu wengi wakibakiza pini ya 10 wanalalamika bahati, mpira umeingia mfukoni vizuri na pini moja ya pembeni imesimama, kisirani. Sasa usiiangalie ya 10, angalia ya 6, jirani yake wa mbele, inaanguka vipi. Kama imeruka ikaizunguka shingo ya 10 ikaikosa kidogo, huo ni utani tu, rusha vilevile tena. Lakini kama ya 6 imeanguka kivivu ikajilaza mtaroni pembeni ya 10 haina hata haraka, mpira wako umefika kule umeshachoka, nguvu zote umezimwaga katikati ya leni. Phaze II kwenye leni iliyoungua, yaani iliyoishiwa mafuta, unafanya hivyo tena na tena, na hapo usijitie ushujaa, urudishe kwenye begi utoe mpira wenye polishi. Wa kwangu wa zamani una lulu na polishi, haushiki mapema, unateleza kwenye ile sehemu iliyoungua unabakiza nguvu za kule mwisho. Yaani ule mpira niliokuwa naudharau kwenye raundi ya kwanza ndio unaniokoa raundi ya tatu.

Mafuta ya mashindano ni habari nyingine kabisa, hapo katikati na pembeni hayatofautiani sana, hakuna wa kukuhurumia. PBA wameyapa majina ya wanyama na ukumbi wetu una ligi ya kiangazi inayoyatumia. Yale ya Cheetah tuliyowekewa yalikuwa mafupi, futi 35. Toa 31, unabaki na ubao wa 4, yaani unatakiwa uendeshe mpira ukinusa mtaro njia nzima, na ukitoka kwenye mafuta kuna futi 25 za leni kavu mbele yake. Phaze II hapo ni balaa. Ukiona ukavu unageuka kama umeitwa jina, unavuka pini ya kwanza unaenda kupiga upande wa kushoto, upande usio wako, na mara nyingine unapata straiki kwa aibu lakini mara nyingi unaacha pini zimetawanyika huku na huku. Nikaongeza mwendo, nikanyoosha mkono usizungushe sana, ikasaidia kidogo. Ukweli ni kwamba mafuta mafupi ni nchi ya yurithane, haishiki kwa pupa, inakata kona polepole muda wote, na ndio maana mpira wa yurithane kama Purple Hammer watu waliushikilia miaka mingi. Kwenye Cheetah sikuwa na yurithane nikamaliza usiku wangu na mpira wa plastiki ninaotumia kwa spea, yaani kumalizia pini zilizobaki kwa mrusho wa pili, na wala sikufanya vibaya.

Badger ndio kinyume chake, futi 52. Mafuta yanaishia futi 8 kabla ya pini! Toa 31 ni ubao wa 21, katikati kabisa ya leni, kwa hiyo hakuna kuzunguka, unaelekea pini karibu umenyooka na unaomba mpira ushike kidogo tu. Na Phaze II yangu na msasa wake wa 3000 ulipita kama umechelewa basi, unaingia mwepesi, unaacha 2 na 8, au ule mkusanyiko wa 2, 4, 5 na 8 ambao kuupiga wote kwa spea ni kazi ya mtume. Nilipotaka kuhitimisha kwamba mpira hauna nguvu, mzee mmoja tunayecheza naye, mtu wa Michigan, ameanza bolingi kabla sijazaliwa, akaniuliza swali moja tu, "Umeupiga msasa gani?"

Wiki iliyofuata nikaenda mapema kwa fundi. Mashine yake ni kibakuli kinachozungusha mpira, unamwaga maji kidogo, unashika kipande cha msasa namba 1000 unakibonyeza sekunde kadhaa, unaugeuza mpira, unarudia mpaka pande zote zimepitiwa, maana sheria inataka ganda zima liwe sawa, huruhusiwi kupiga msasa mstari mmoja tu unaokufaa. Mng'ao wote ukaondoka, mpira ukawa na rangi ya vumbi. Kipande chenyewe dola chache tu. Nikarudi kwenye Badger na ulikuwa mpira mwingine jamani, kiini hakijaguswa, mashimo yaleyale, ila unaona kabisa ukifika katikati unaanza kuuma, unafika kule tayari umeshaegemea upande wako na ile pini ya 2 ikaanza kuanguka. Haukukata kona kubwa, hapana, labda mbao tatu nne, lakini kwenye futi 52 hizo zinatosha.

Ukiupeleka mpira huohuo wenye 1000 kwenye mafuta ya Jumatano unakufa njiani. Nimejaribu. Pini ya 6 inalala mtaroni toka raundi ya kwanza.

Kuna hali nyingine ambayo haiandikwi kwenye karatasi inayoeleza mafuta yamepakwaje, nayo ni leni yenyewe imetengenezwa na nini. Kumbi nyingi siku hizi ni sintetiki, ila kwenye miji midogo bado unakuta za mbao, sehemu ya mbele mti mgumu wa mepo, katikati msonobari. Tulienda Oklahoma kwenye mashindano madogo, ukumbi wa zamani, leni za mbao, na mafuta waliyoweka kwa karatasi hayakuwa na tofauti yoyote na ya kwetu. Mpira ukawa unashika toka pale mbele kabisa, miaka yote watu wamerusha njia moja mbao zimelika, ukitua hapo umeisha. Nikahamia ndani kwenye mbao ambazo hazijachakaa na nikautua mbele kidogo ya mstari, ndio ukapumua. Sintetiki mpya kwa upande wake ni ngumu na zinateleza, msasa unaokutosha kwenye ya zamani hautoshi huko.

Alafu kuna hili la mpira wenyewe kubadilika. Resini inanyonya mafuta, ndio kazi yake, na mafuta yakijaa ndani haishiki tena. Vilevile msasa wa 3000 hauendelei kuwa 3000, leni yenyewe inausugua, baada ya michezo kadhaa mpira unang'aa bila kupakwa chochote na mtu anasema "mpira wangu umekufa" kumbe umejipiga polishi wenyewe. Mi naufuta kila unaporudi, kwa taulo kavu, maana toka 2019 USBC hawaruhusu taulo lenye maji au dawa wakati mashindano yanaendelea, dawa naipaka nikimaliza kabla mafuta hayajazama, na ikifika michezo 50 hadi 60 naurudisha kwa fundi autoe mafuta na kuupiga msasa upya. Watu wanaokwambia mpira unadumu msimu mmoja tu, waulize mara ya mwisho wameuosha lini.

Sasa kuna kaka yetu mmoja wa Eldoret tuko naye timu moja, amekuja na picha kwenye simu, mpira mpya unatoka mwezi huu, kiini cha ajabu, dola 250 bila kutoboa, anataka ushauri. Ana Phaze II pia, ameununua kabla yangu, na haujawahi kuguswa na msasa toka siku alipoununua, unang'aa kama sahani. Nikamwambia kaka, nipe huo mpira wako Jumamosi tuupeleke kwa fundi tuupige 2000, ukishaurusha ndio tuongelee dola 250. Akaniangalia kama namnyima kitu. Mpaka sasa hajaleta.

Mimi mwenyewe nina mashindano mwisho wa mwezi, karatasi ya mafuta imeshatoka, futi 45, mengi na yamesambaa karibu sawa. Kwa hesabu ni ubao wa 14. Mzee wa Michigan anasema 2000 inatosha, mbele yatakauka haraka kwa sababu tutakuwa wengi kwenye leni moja, mi naona 1000 ndio salama angalau raundi mbili za mwanzo. Mashindano yakishaanza huruhusiwi kugusa ganda kwa msasa, kwa hiyo vipande vyote viwili nimeviweka kwenye begi, na zile dakika za kupasha kabla ya kuanza ndio zitaamua nani kati yetu analipa chai.